Sindano Amerudi Majini

Chumba cha Nyuma,
Duka la Kinyozi,
Barabara ya Ziwani.

Jumapili, 14 Septemba

Mpendwa Dada,

Pokea salamu zangu na za wifi yako. Hujambo? Goti linaendeleaje, na bado unapanda zile ngazi za kazini ukiwa na ndoo ya kudekia mkononi? Sisi tu wazima, ila wifi yako ana mafua na ameniamuru nisikuandikie kwamba anakoroma. Basi sijaandika.

Simu yako ya juzi niliipokea huku nimeshika kichwa cha mteja, ndiyo maana nilikujibu kwa mkato. Ulisema nimrudishe Sindano nyumbani mwisho wa mwezi, mambo ya kujifunza mashua yaishe. Dada, sikukasirika. Mtoto akishanaswa chini ya tanga, mama yake ana haki ya kuyachukia hata maji ya kwenye glasi. Lakini kabla hujakata shauri, nisikilize kwanza.

Tangu siku ile upepo ulipompindua, binti yako hakuwa yule tunayemjua. Mashua aliacha, hilo unalijua. Nisilokuambia ni kwamba aliacha pia kujimwagia maji kichwani. Alikuwa anajifuta kwa kitambaa chenye maji kama mgonjwa. Siku moja akaja dukani, akakaa kwenye kiti, akaniambia nimnyoe nywele zote kwa sababu hawezi tena kuzisuuza. Akakataa hata kufungwa ile shuka ya kunyolea shingoni. Nilimnyoa hivyo hivyo, nywele zikimwangukia mabegani, na roho iliniuma sana.

Mwalimu wao wa mashua ni mama mmoja, muuguzi mstaafu, sauti yake king'ora. Ana zoezi ambalo kwa akili zangu za nchi kavu ni wazimu mtupu: wanapindua mashua makusudi, halafu wanajifunza kuiinua na kurudi ndani bila kusaidiwa. Alimwomba Sindano aje, hata kama ni kukaa ukingoni tu. Sindano akasema ataingia majini kwa sharti moja, mjomba awe naye chomboni. Nadhani alitegemea nikatae. Unanijua mimi na maji. Lakini nilivyomwona anavyonitazama, nikapiga moyo konde.

Basi jana nikavalishwa jaketi la kuelea ambalo vifungo vyake viligoma kukutana tumboni. Mwalimu akatueleza. Mashua ikilala ubavu, msiiache. Mmoja azunguke nje, akanyage ule ubao unaochomoza chini ya mashua, avute kamba kwa uzito wake mpaka tanga litoke majini. Mwingine abaki upande wa ndani, ajilaze sambamba na mashua, ili ikiinuka impakie yenyewe. Na mlingoti usiguswe. Hilo la mwisho alilisema akinitazama mimi.

Kwa kuwa mwenye uzito ni mimi, nikapangiwa ubao. Tukapindua. Dada, nilipoibuka, pua imejaa maji, kitu cha kwanza mkono wangu ulichokikuta ni mlingoti. Nikaukumbatia kwa moyo wangu wote. Ukazama nami, mashua nzima ikageuka kifudifudi, na Sindano akafunikwa chini yake.

Nilipouachia nikajikuta nimeng'ang'ania chombo kilicholala tumbo juu, na mtoto wako haonekani. Mwalimu alikuwa anakuja na boti ya injini. Sikumwona. Nilikuwa naiona sura yako tu.

Ndipo nikasikia kugongwa. Ko, ko, ko, kutoka ndani.

"Mjomba, niko hapa. Kuna hewa. Usilie."

"Silii!" nikajibu huku nalia.

"Haya, sogea pembeni, natoka upande wako."

Akazama, akaibukia mbele ya uso wangu, macho makavu kuliko yangu. Akamwashiria mwalimu asubiri, akaniambia, "Ubao ni huu. Mlingoti mwachie mwenyewe." Tukaning'inia ubaoni wote wawili mpaka ile mashua ikaanza kugeuka, polepole, tanga likatoka linachuruzika. Akapanda kwanza, kisha akanivuta ndani kwa mkanda wa jaketi kama gunia la viazi. Hapo akacheka. Nilikuwa nimeisahau hiyo sauti.

Akaomba kurudia. Mwalimu akaniambia, kwa adabu, nimpishe mwingine. Alipindua na kuinua mpaka midomo ikaanza kumtetemeka.

Leo asubuhi nilikuwa napiga mswaki uani, nikasikia bafuni ndoo nzima inamwagwa, halafu nyingine. Wifi yako akapiga kelele kwamba maji yanaisha. Nikamwambia amwache amalize.

Dada yangu, woga wako siudharau. Jana niliuonja, nikajua umekuwa ukiishi na kitu gani peke yako huko. Sikuombi uache kuogopa. Nakuomba tu usimwite arudi kwa sababu hiyo. Likizo atakuja kukuona, nami nitamsindikiza, kwa njia ya nchi kavu.

Msalimie sana shemeji, na mama mkubwa mwambie miwani yake nimeipata. Mungu akulinde na akupe usingizi mzuri. Sindano ameomba nimwachie nafasi hapa chini.

Wako akupendaye siku zote,
Mdogo wako, kinyozi.

Mama, ni mimi. Mjomba amekuambia kila kitu isipokuwa kimoja, kwa sababu hakijui. Nilipokuwa kule chini nilikuwa naogopa sana, mikono ilikataa kabisa. Nikamsikia mjomba analia, nikaona nimwambie kwamba niko hapa. Nilipojisikia nikisema, na mimi nikaamini. Niko hapa, mama.