Chakula cha Mayahudi wa Roma na Wivu Wangu kwa Shemeji Faraji

Jumapili, Guildford, Sydney. Jua limewaka tangu asubuhi lakini ni jua la mapambo, halipashi mtu. Nimevaa sweta mbili za mpwa wangu na bado meno yanagongana.

Nina wivu. Nianze na hilo, maana nikianza na chakula nitajisifu, na nikijisifu nitasahau kusema kweli.

Wanaonijua kule Malindi wanajua mimi si mtu wa kuonea watu wivu. Mimi ndiye huonewa. Nimewahi kumsimamisha fahali aliyekata kamba sokoni kwa kumkazia macho tu, na mashahidi wapo, ingawa wawili wamehamia Lamu. Lakini hii ni wiki yangu ya tatu Australia, na huku kuna mtu anaitwa Faraji.

Nimekuja kwa harusi ya Rukia. Rukia ni mtoto wa dada yangu, Mungu amrehemu. Baba yake alifariki mtoto hajaanza shule, mama yake naye hakukawia, na aliyebaki kumlea ni mimi. Nilimsuka nywele kwa mikono hii, vibaya, mpaka mwalimu akaniita shuleni kuuliza ni nani aliyemfanyia mtoto vile. Leo anatunza wazee katika nyumba ya wazee, ana gari, ana sauti ya kuniambia nipunguze chumvi. Ijumaa anaolewa na kijana wa Tanga anayefanya kazi kwenye maghala ya Wetherill Park.

Faraji ni ami yake, mdogo wa marehemu baba yake. Alikuja huku Rukia bado hajajua kusoma jina lake. Na kwa sheria yetu, msichana aliyefiwa na baba, asiye na babu wala kaka, walii wake ni ami. Ami ndiye anayemwozesha. Mjomba hata awe amemlea mgongoni miaka ishirini, kazi yake siku hiyo ni kukaa kwenye mkeka na kungoja biriani.

Sheria siipingi. Nimefika darasa la sita, la saba nililichungulia mlangoni, siwezi kubishana na vitabu. Nasema tu inauma.

Jana Faraji akapiga simu. Akasema kesho mchana anatutoa, mimi na Rukia, tukale mahali pazuri, Mayahudi wa Kitaliano. Nikajua moja kwa moja: huyu anataka kunionyesha.

Rukia akanieleza asubuhi tukingoja treni. Kuna Mayahudi wamekaa Roma tangu zamani sana, wana mapishi yao, na nguruwe hawamgusi, ndiyo maana ami yake hupenda kula pale. Jumamosi wamefunga, Jumapili hupati kiti usipopiga simu. Mimi niliposikia Italia nikacheka moyoni. Shemeji amejileta mwenyewe. Malindi imejaa Wataliano, hata watoto wanaouza maembe wanakujibu Kitaliano. Basi njia nzima, kwenye treni na kwenye basi la kuelekea upande wa Bondi, nikamsimulia Rukia nilivyokuwa mpishi mkuu wa hoteli ya Wataliano miaka kumi. Rukia alitazama nje dirishani. Kisa hicho anakijua kuliko sura ya Fatiha.

Hapa nitasema kweli, maana usiposema kweli kwenye shajara utaisemea wapi. Nilikuwa mwosha sahani, miezi minane. Siku za wageni wengi nilikuwa napewa kazi moja ya heshima: kusugua jibini juu ya sahani kabla haijatoka. Nilivaa kofia nyeupe. Kofia ni kweli.

Tulipofika Faraji alikuwa ameshatangulia, amesimama mlangoni na koti lake la sufu. Mwenye mkahawa ni bibi wa miaka themanini hivi, mfupi, ana miwani ya kuning'inia kifuani. Alitoka jikoni anakimbia, akamshika Faraji mashavu yote mawili kama mtoto wake aliyerudi kutoka vitani. Kumbe Faraji kabla hajapandishwa cheo kule ghalani anakofanya kazi alikuwa dereva wa lori, na unga na mafuta ya mkahawa huu yalikuwa yanaletwa na yeye, miaka mingi.

Mimi sijawahi kushikwa mashavu na mwenye hoteli yoyote.

Nikaweka mkono kifuani nikamsalimia bibi kwa Kitaliano, "Ciao, bella." Akanitazama juu mpaka chini, sweta ya kwanza na ya pili, akasema "Ciao, bello," akageuka kumuuliza Faraji habari za mgongo wake.

Chakula sasa. Nilitaka kiwe kibaya. Nilikuwa nimeshaandaa maneno.

Kwanza ikaja mboga fulani kama ua la kijani, kubwa kama ngumi. Wanalikaanga zima kwenye mafuta mengi mpaka majani yanafunguka, linakaa kwenye sahani kama alizeti iliyoungua. Unang'oa jani moja moja, linavunjika mdomoni kama bajia. Nilikula langu nikala na nusu ya la Rukia. Halafu samaki wa baridi, amelala kwenye siki na vitunguu, juu yake zabibu kavu. Nikasema loo, hawa wametuibia au sisi tumewaibia? Mtu wa pwani yeyote angemtambua samaki yule. Faraji akauliza, "Vipi shemeji, wanajua kupika?" Nikamwambia wanajitahidi.

Ndipo ikaja nyama. Ng'ombe aliyechemka usiku kucha, ameiva mpaka ameacha ubishi, amemwagwa juu ya tambi pana. Nikashika uma, nikangoja jibini.

Haikuja.

Nikatazama meza ya pili, hawana. Ya tatu, hawana. Mkono wangu ukaanza kuwasha, walahi, ule ule uliokuwa unasugua. Nikamwita bibi kwa kidole, nikamwambia mama, umesahau jibini. Akatikisa kichwa. Nikamwambia tena, taratibu, kama anayemkumbusha mtu mzima. Rukia akanivuta mkono chini ya meza. Bibi akavaa miwani, akasema maneno yake kwa upole, na Rukia akanitafsiria: katika nyumba hii nyama ikiingia mezani, maziwa hutoka. Wala jibini, wala siagi, wala chai ya maziwa baadaye. Ndivyo alivyofanya mama yake, na mama wa mama yake, ni amri ya dini yao.

Mtu mwenye adabu angesema samahani. Mimi mtu wa dini, nina vyakula vyangu nisivyovigusa, ningeelewa kuliko yeyote mle ndani. Lakini Faraji alikuwa anatazama.

Nikasema kwa Kiingereza changu cha ufukweni kwamba nimewapikia Wataliano miaka kumi, kwamba hakuna Mtaliano wa haki anayekula tambi bila jibini, na kwamba mkubwa mmoja wa serikali ya Roma alikula chakula cha mkono wangu kule Malindi akalia machozi, akataka kunipakia kwenye ndege yake.

Bibi akavuta kiti, akakaa. Akauliza, "Alilia kwa chakula gani?"

Ilikuwa heshima, aliuliza kama mpishi anavyomuuliza mpishi. Kichwani mwangu nikatafuta chakula, nikaona sabuni. Nikaona sahani zimepangwa.

Faraji akaweka uma chini. "Ni kweli, Signora," akasema kwa Kiingereza chake kilichonyooka. "Nilikuwepo. Samaki wa nazi. Yule mzee alilia mpaka akaazima leso yangu, na hakuirudisha."

Bibi akacheka akanigonga bega, akasema siku nyingine nije nimpikie yeye. Akarudi jikoni.

Faraji hakuwepo. Hakuna aliyekuwepo, maana jambo lenyewe halikuwepo. Miaka yote nasimulia kisa kile, nimekiongezea ndege, nimekiongezea walinzi, na sijawahi kufikiria leso.

Basi badala ya kumshukuru, nikamgeukia. "Ahsante kwa ushahidi, shemeji," nikamwambia. "Wewe mambo ya mbali unayaona vizuri. Mtoto huyu alipougua surua sikukuona. Wewe ulikuwa unatuma viatu. Kila Idi viatu, na kila Idi vikubwa. Tunajaza magazeti mbele ndio atembee."

"Mjomba, please," Rukia akasema.

Faraji hakukasirika. Nilitaka akasirike. Alichukua kipande cha mkate, akakigeuza, akakirudisha.

"Nilikuwa nakisia," akasema. "Nasimama dukani pale nakisia. Mguu wenyewe sikuwahi kuuona."

Meza ya pili walikuwa wanamwimbia mtu hongera ya siku ya kuzaliwa.

Halafu Faraji akasema alitaka tumalize kula kwanza lakini basi. "Shemeji, nimekuita kwa jambo. Ijumaa mimi nitakuwepo, nitakaa mbele. Lakini maneno utayasema wewe. Nimeshaongea na sheikh, walii anaruhusiwa kumpa mtu uwakala wake, na mimi nimekupa wewe. Umwozeshe mwanao."

Rukia hakuwa na habari, nilimwona usoni. Alishika kitambaa cha meza kwa mikono miwili kama kinataka kukimbia. Halafu akainuka, akazunguka meza, akamkumbatia ami yake.

Yeye kwanza. Mimi wa pili.

Na mimi, mtu ninayeweza kuongea kutoka Malindi mpaka Mombasa bila kumeza mate, nilisema neno moja. Nikasema, "Sawa."

Njiani kurudi Rukia akaniuliza, "Mjomba, kwani hukufurahi?" Nikamwambia nyama ilikuwa nzito. Akaegemea bega langu mpaka Guildford, na mimi nikakaa wima nisimwamshe ingawa nilijua hajalala.

Sasa magharibi inaingia na naandika haya kitandani. Nilidhani wivu ungeondoka. Nilichokililia nimepewa, mkononi, mbele ya watu. Lakini upo, umehama upande tu. Mwanzo nilimwonea wivu kwa kuwa na kitu kile. Sasa namwonea wivu kwa kuweza kukitoa. Tena alikitoa nikiwa nimetoka kumtukana, mkate wake bado uko mezani.

Nimejiuliza: ingekuwa kinyume, mimi ndiye ami, yeye ndiye mjomba, ningempa?

Nisingempa. Ningesema sheria ni sheria, ningenunua kanzu mpya, na ningesimulia siku ile mpaka kaburini.

Baada ya alasiri sheikh alinipigia. Mtu mpole. Akanifundisha maneno ya Ijumaa, kipande kwa kipande, nami nikayarudia. Yalikuwa mepesi mpaka tulipofika mahali pa kutaja. Akasema kwa kuwa mimi si walii, lazima nimtaje aliyenipa uwakala, kwa jina lake na la baba yake, wazi, wote wasikie. Bila hivyo ndoa ina walakini. Nikamuuliza kama naweza kusema "kwa ruhusa ya familia" tu. Akasema hapana, mzee wangu. Taja jina.

Kwa hiyo siku yangu kubwa kuliko zote, mbele ya bwana harusi na wageni wote wa Mombasa na Zanzibar na Wakongo majirani wa Rukia, nikiwa nimeushika mkono wa kijana, nitasimama nimtangaze Faraji kwa mdomo wangu.

Nimejaribu bafuni, nimefungua maji wasinisikie. Nimejaribu mara saba. "Nimekuozesha Rukia" inatoka vizuri, ina mlio, mtu atalia. Nikifika "kwa uwakala wa", sauti inashuka. Mara moja nilikohoa mahali pa jina. Mara moja nilitaja la babake tu.

Rukia akagonga mlango. "Mjomba, unaongea na nani?"

Nikamwambia naongea na ami yako. Akasema, "Msalimie," akaenda zake anaimba.

Nimebakiwa na siku nne. Kesho akienda kazini nitafunga maji, nitasimama katikati ya sebule ambako hakuna pa kujificha, na nitaanza na jina.