Dhamana ya Mjomba

4 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba! Najibu kabisa, maana najua huko uliko ushaniamkia. Hujambo? Uuguzi unaendaje? Mimi mzima kama chuma. Homa ikiniona inavuka barabara.

Habari kubwa: mwenye ukumbi wa harusi kaniletea oda ya makochi ya ngozi, ukumbi mzima! Kila fundi aliyemuuliza alimwambia, "Nenda kwa yule bwana." Shida ni cherehani yangu. Kitambaa inakula, ngozi inakataa. Jana imevunja sindano ikanirushia usoni. Nisipopata cherehani nzito upesi, oda anapewa Mbwembwe, fundi wa ng'ambo ya barabara, na mimi nitahama mji kwa aibu.

Basi nikaingia benki. Watu wakanipisha wakidhani mimi ndiye meneja. Nikamweleza binti wa mikopo kwamba nina mafundi ishirini na makochi yangu yamefika mpaka ikulu. Akaandika weee, kisha akaniuliza bila haya, "Mzee, dhamana unayo?" Mbele za watu! Nikasimama. "Dhamana ya nini? Kwani mimi nimekamatwa?" Mlinzi akasogea. Nikatoka kwa hatua za heshima, ila kofia nimeisahau kaunta.

Niambie, nimshtaki?

Mjomba wako

15 Machi

Shikamoo Mjomba,

Sijambo. Barua yako nimewasomea wagonjwa wodini, wamecheka mpaka wakashika mishono yao.

Usimshtaki mtu. Dhamana ya benki si ile ya polisi. Ni mali unayoweka, ukishindwa kulipa wanaichukua: nyumba, shamba, gari. Wewe una nini, Mjomba? Cherehani inayorusha sindano? Kama huna mali, wanakubali mdhamini mwenye mshahara. Naweza kuwa mimi. Ila elewa, ukikwama wanakata kwangu, na mwanangu anaanza shule mwakani. Kwa hiyo rudi ukamwambie yule binti ukweli, ndipo nitasaini. Hao mafundi ishirini, benki watakuja kuwaona!

Mpwa wako

29 Machi

Mpwa wangu,

Salamu zangu ni nyingi, bahasha imefura. Afya ipo, mgongo tu unalalamika kwa kubeba sifa.

Nilirudi. Sijafungua mdomo, binti akasema, "Kesho nakuja kuwaona mafundi wako." Nilikaribia kukodi vijana sokoni niwavishe aproni, mmoja tulishapatana bei kabisa. Nikamkumbuka mwanao. Nikamwambia, "Binti, mafundi tuko wawili, mimi na mke wangu. Ikulu sijafika. Nimefika kituo cha polisi, tena nilipeleka benchi."

Akasema, "Mzee, si ungeanza hapo?" Kofia akanirudishia.

Kesho yake akaja. Akakaa kwenye kochi la mteja lililokuwa linasubiri kuchukuliwa, aandike mambo yake. Kidogo tu, kalamu ikaanguka. Kalala! Mkaza mjomba wako akamfunika shuka, tukafanya kazi kwa kunong'ona. Alipoamka akauliza, "Kochi kama hili mnauza bei gani?"

Sasa wanasubiri saini yako. Fanya hima, Mbwembwe ameonekana anacheka na mwenye ukumbi.

Mjomba wako

3 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Huku wazima. Hiyo ya kulala sikuiamini, nikampigia simu binti mwenyewe. Akashusha sauti, akasema, "Dada, tafadhali usimwambie meneja."

Nimesaini leo. Usiniangushe.

Mpwa wako

19 Juni

Mpwa wangu,

Salamu. Cherehani ilikuja. Makochi yamekwisha, mwenye ukumbi amelipa. Benki napeleka kila mwezi, hawajakugusa na hawatakugusa. Tumepata kazi nyingine, tumeajiri fundi mmoja.

Niko kazini.

Mjomba

27 Juni

Shikamoo Mjomba,

Barua yako nimeigeuza mbele na nyuma nikitafuta iliyobaki. Nimefurahi, nimelala usingizi wa kwanza tangu nisaini. Lakini mbona haina meneja, haina ikulu, haina hata mtu mmoja aliyekupisha njia? Mbwembwe amekufanya nini? Unaumwa? Umepima presha?

Kama ni presha, nakushauri kama muuguzi: chumvi ya chakula punguza. Ile ya barua usiiache hata siku moja. Niandikie upesi, nijue ni wewe.

Mpwa wako anayekupenda