Nguo alizoshona Shabani

Rumonge, Ijumaa, Juni 1972

Na bado nimemkasirikia mama mkwe. Tangu wanajeshi wampakie mume wangu Shabani kwenye kamyo, hatuna maiti, na kumlilia hadharani ni hatari. Mama akasema, "Mwanangu hawezi kuondoka kimyakimya. Tutafanya sherehe, tuseme ni akika ya mutoto wenu."

Niliona aibu. Sherehe, bila hata kaburi? Na nikaogopa mtu atatuchongea.

Lakini majirani walikuja wamevaa nguo alizowashonea Shabani. Hakuna aliyewaagiza. Mzee Idi alivaa ile suruali yenye mguu mmoja mrefu, tukacheka mpaka mama akashika mbavu. Tulikula mbuzi, kila mtu akasimulia habari za Shabani kwa sauti ya chini.

Kisha mwanajeshi akasimama mlangoni. "Iko sherehe gani hapa?"

"Akika, mwanangu. Karibu." Mama akampa sahani.

Alikula huku akiitazama kanzu ya jirani yetu Bakari. "Hii imeshonwa muzuri. Fundi iko wapi?"



"Amesafiri," mama akasema.

Nikaingia jikoni, nikaanza kukata vitunguu. Chakula kilikuwa kimeshaiva zamani.