Ufunguo Uliobaki Kwenye Laptop ya Bosi

Wee, acha unachofanya usome. Nimejifungia chooni kazini.

Bosi amevunja laptop yake. Kaibamiza ukutani, kaiokota, kaibamiza tena!

Ni ile app ya kliniki. Mteja kaja mwenyewe kuchukua toleo jipya, na kila tukilijenga laptop hiyo inagoma: faili la ufunguo halionekani. Ni ule ufunguo wa siri wa kutia sahihi. Bila huo, duka la app halipokei toleo jipya hata ulie machozi ya damu.

Kipara, fundi mwenzangu, akasema kwa upole, "Bosi, faili lipo. Asubuhi ulilihamishia folda nyingine. Nibadilishe mstari mmoja tu wa kuonyesha lilipo."

Mstari mmoja tu, dada!

Bosi akamkunja shati, akambamiza uso mezani. Damu mpaka kwenye kibodi. "Unaniumbua mbele ya mteja?" Mimi napiga mayowe, mteja keshatoka mbio. Ndipo akainyakua laptop.

Sasa nani alikataza tusinakili ule ufunguo popote? Si yeye? "Mtaniibia nyie, ubaki kwenye laptop yangu."

Kipara kakaa sakafuni, kaziba pua kwa shati, anacheka. Anacheka!

Bosi akamfokea, "Unacheka nini? Badilisha huo mstari!"

Kipara akamsogezea vipande vya laptop kwa mguu.

"Ufunguo wako huo, bosi. Tia sahihi."