Maji ya Mfereji wa Klabu

Jumamosi, Februari 1994

Na ni sisi wenyewe tulimtuma Musyoka!

Makedi wote, sisi tunaowabebea wacheza gofu mabegi, tulikuwa tumekubaliana: leo hakuna mtu atabeba begi mpaka waturuhusu kutumia choo na mfereji wa klabu. Uwanja wa gofu eti ni wa umma, lakini sisi haja tunaendea vichakani. Musyoka ndiye alianzisha hayo maneno, na anajua kuongea, kwa hivyo akaingia kumwona kapteni wa klabu. Sisi tukangoja langoni, kwenye jua.

Akatoka na begi la kapteni begani.

“Usiniangalie hivyo, Odhis,” akaniambia. “Wamesema watafikiria.”

Watafikiria! Wenzangu wakaanza kuinuka mmoja mmoja, wakaenda kutafuta mabegi. Mimi nikabaki pale peke yangu mpaka jioni. Nyumbani mama watoto ameniuliza tutakula nini.

Halafu Musyoka akabisha. Tumetenganishwa na ukuta wa mabati tu, yeye na mimi. Ameshika chupa ya maji.

“Ya ule mfereji, jirani. Mimi wameniruhusu. Kunywa, bado yako baridi.”

Nilitaka kummwagia usoni. Lakini ile kiu ya kushinda juani…

Nikayanywa yote. Halafu nikamwambia asante.