Hodi ya Mwenye Nyumba

Mwaka umetimia leo, Baba, tangu utuondokee bila kuaga. Ungetuagaje, na ulikuwa hutujui tena? Mpaka sasa tumepigwa na butwaa.

Wewe, fundi wa funguo! Mtaa mzima ulikuita Baba Kufuli. Mtu akikuletea ufunguo uliokatika, ulikuwa unautupia jicho tu, unasema, "Huu si wa mlango wa uani, kwa yule mama mshonaji? Mwambieni aache kuusukuma kwa goti." Bibi wa jirani akijifungia nje, ulimfungulia bure na utani juu yake. Nani angesadiki kwamba kichwa kile kingepotea?

Jioni ile ulisimama mlangoni kwako mwenyewe, ufunguo mkononi, ukabisha hodi. Mama akadhani ni mizaha yako ya siku zote. Akaitikia, "Karibu mgeni, viatu nje!" Ukavua viatu kwa adabu, ukakaa ukingoni mwa kiti, ukamwuliza, "Samahani dada, mwenye nyumba yupo?"

Sahani ilimponyoka Mama. Jamani! Ndoa ya miaka yote ile, leo dada?

Daktari alikuwa amekuonya mapema. Alisema presha na sukari zikiachwa huharibu mishipa, hata ya ubongo. Punguza chumvi, acha sigara, kula mboga na samaki, tembea, lala vya kutosha. Si kinga kamili, alisema, ila hatari inapungua. Wewe ukacheka, "Kichwa changu chuma!" Ukatia chumvi hata kabla ya kuonja. Mama akakwambia, "Hata chuma hushika kutu. Na mafuta ni ya kufuli, Baba Kufuli, si ya tumbo." Kama ungesikia ingekuwaje, hatujui. Hilo ndilo linatuuma.

Mdogo wako, mliyekaa naye benchi moja kazini, alikuwa na kiburi hichohicho. Siku hizi anakwenda kazini kwa miguu, chai haitii sukari, na nusu ya sahani yake ni mboga. "Mmenigeuza mbuzi," analalamika, lakini anamaliza.

Juzi alikuja kututembelea, akabisha hodi. Sauti zenu ni moja. Sote tuliganda, Mama akashika ukuta. Mara tukasikia, "Mbona kimya? Mimi hapa ni mgeni kweli, lakini nyumbani kwangu bado napakumbuka!" Mama alicheka mpaka akatokwa na machozi, kicheko kikaisha, machozi yakaendelea.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye tangu siku ile alikuitikia kila jioni "Karibu, mwenye nyumba," hata ulipomwita dada. Na mdogo wako, wanao, wakwe zako na wajukuu.

Ugonjwa ulikusahaulisha sisi sote. Sisi, Baba, hatutakusahau kamwe.