Watoto Walioshiba Wakasema Hawakula

Mpendwa Bwana Mshauri,

Nakusalimu kwa heshima na kukuomba unisome mpaka mwisho, kwa maana sina mwingine wa kumwambia. Mimi ni mpishi katika nyumba ya kulelea watoto wadogo hapa Likoni, watoto thelathini wa miaka mitatu hadi mitano ambao mama zao huenda kazini na mashambani, na tangu vita hivi vianze mchele hauonekani na unga twapewa kwa kipimo, nao watosha uji wa asubuhi tu, basi Mwalimu Margret, msimamizi wetu, alipatana na Bi Mwanarehema, mkulima wa Mtongwe, atuletee muhogo, mbaazi na nazi kutoka shambani kwake, na samaki kwa wavuvi wa huko huko, na kila adhuhuri nikawapikia watoto muhogo wa nazi, wakala wakasaza, wakalala, wakaamka wakicheza.

Taabu ilianzia mlangoni, jioni mama walipokuja kuwachukua, kwani mmoja wao, Rosalia, alimwuliza bintiye Nyevu, "Umekula nini leo, mwanangu?" naye akajibu, "Sikula, mama. Nimepewa muhogo tu," na watoto wengine walipoulizwa wakajibu vivyo hivyo, kwa sababu majumbani mwao kula ni kula sima au wali, na muhogo ni kitu cha kutafuna, lakini Rosalia hakungoja kuelezwa, akawageukia wenzake, "Mwasikia? Unga wa watoto wetu waliwa na nani?" na mwingine akacheka akasema, "Mtazameni mpishi mashavu yake, mtajibiwa!" nikanyang'anywa kikapu changu pale njiani watu wakitazama, wakakuta maganda ya muhogo niliyokuwa nikiwapelekea mbuzi wangu, na hata hivyo Rosalia akasema unga nimekwisha kuuficha, na kwamba muhogo usionekane tena jikoni mle.

Bwana Mshauri, niliona haya mno, na Mwalimu Margret yuko Rabai akimwuguza mamake, basi nikamwambia Bi Mwanarehema asilete kitu, hata mbaazi na samaki, nisije nikapekuliwa tena, akaniuliza, "Wallahi, mwanangu, muhogo wangu umewakosea nini watoto hao?" nikaenda zangu, na wiki hii ni ya pili sipiki uji wa asubuhi, ule unga nausonga sima ya mchana, kila mtoto tonge la kiasi cha yai na mchuzi wa mchicha ulioota nyuma ya jiko, nao wakirudi husema, "Tumekula sima!" na mama zao hunishukuru, na Rosalia juzi aliniita dada, lakini watoto hawachezi tena, na Nyevu huja kukwangua sufuria kwa kidole. Walipokuwa wakishiba walisema hawakula, na sasa hawashibi wanasema wamekula. Nikirudia muhogo nitaitwa mwizi, nikiendelea hivi jina langu ni safi na watoto wana njaa. Nifanye nini, au niache kazi?

Agneta, mpishi
Likoni, Septemba 1943

Bibi Agneta,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilitafuta mahali pa kuvuta pumzi nisipaone. Nukta haiuzwi kwa kipimo, bibi, itumie. Mara ya pili nilikuhurumia. Kupekuliwa kikapu njiani mbele ya watu ni jambo la kuumiza, na waliokupekua wanapaswa kukuomba radhi.

Huruma yangu inaishia hapo. Ulivunjiwa heshima na watu wazima, ukawaadhibu watoto. Unga hukuiba, nakusadiki. Lakini umewaondolea uji wa asubuhi na muhogo wa mchana, na kwa kazi hiyo ukapokea shukrani. Wiki mbili umelisha masikio ya mama zao.

Tulitazame neno lenyewe. Nyevu hakusema uongo. Alisema kama wasemavyo baba zetu, ambao humaliza sahani ya muhogo kwa samaki, wakanawa mikono, kisha wakauliza, "Chakula bado?" Swali hilo nimelisikia nyumbani kwangu, tena kinywani mwangu mwenyewe. Rosalia angeuliza, "Umeshiba?" angejibiwa jibu jingine. Nawe ulilijua hilo siku ile ile, ukanyamaza.

Wala usitumie hila. Usimfundishe mtoto kumwambia mamake kwamba muhogo ni wali. Bi Mwanarehema bila shaka ajua kuanika muhogo na kuutwanga unga. Siku moja moja songa unga huo, na uitwe kwa jina lake la haki, sima ya muhogo. Siku nyingine muhogo na ubaki muhogo.

Sasa sikiliza. Leo hii nenda Mtongwe kwa miguu yako, umwamkie Bi Mwanarehema, umweleze ulichofanya. Umemwacha mama mtu mzima akidhani shamba lake lina ila. Mwombe alete tena vyote, na muhogo uwe ule mtamu peke yake, ung'olewe asubuhi ya siku ya kupikwa. Matumbo ya watoto wadogo si mahali pa kujaribia muhogo mchungu. Unga wa kipimo urudi kuwa uji.

Jumapili alasiri waite mama wote, uwaambie kwa kinywa chako: "Wiki mbili hizi watoto wenu hawakushiba, na aliyefanya hivyo ni mimi." Watapiga kelele. Nyamaza mpaka wamalize. Kisha wapange wawili kwa kila siku, na aliye kazini amtume nyanya wa mtoto, waje adhuhuri waketi mkekani, wale chungu kimoja na watoto. Rosalia aanze, pamoja na huyo mwenzake aliyeyapima mashavu yako. Mwalimu Margret naye mwandikie usiku huu, asije akayasikia kwa watu.

Kuacha kazi sikubali. Atakayekuja baada yako atalikuta neno lile lile mlangoni, naye hatakuwa na la kuwajibu. Huenda wakakuita mwizi tena, kwa siku chache au kwa mwezi mzima. Itakuuma, na una haki ya kuumwa. Ila wewe waweza kungoja, na mtoto wa miaka mitatu hawezi. Jumatatu watoto wafikapo, wakute uji uko tayari na muhogo umekwisha menywa.